Kilomita Ambazo Hatukuzitembea

Katika vikao vya kamati ya msikiti, katibu husoma muhtasari wa kikao kilichopita ili usahihishwe kabla ya kuthibitishwa. Kazi hiyo imenifunza kwamba kumbukumbu yenye kosa, ikiachwa, kesho hugeuka ushahidi.

Baba yangu ana kisukari. Kila baada ya sala ya Alfajiri hutembea huku programu ya Strava katika simu ikipima mwendo wake. Siku moja alisahau kuizima, akapanda daladala. Matembezi ya kilomita 3 yakaandikwa 11.

"Ziache, mwanangu," alisema akicheka. "Zimenipendeza."

"Zitampendeza na daktari, baba, kisha akupangie dawa kwa kilomita za daladala."

Alinyamaza, akanipa simu. Mazoezi hushusha sukari mwilini, na daktari hupima dawa pamoja na mwendo wa mgonjwa.

Marekebisho si magumu. Programu hiyo huruhusu kukata mwanzo au mwisho wa safari. Tulirudisha alama ya mwisho hadi pale kasi ilipopanda ghafla. Kilichokatwa hakirudi, hivyo ramani itazamwe vyema kwanza. Na iwapo kutembea kumeandikwa kuwa baiskeli, hubadilishwa aina ya zoezi tu, bila kufuta chochote.

Ndugu msomaji, wazee wetu wengi wamepewa simu hizi na watoto wao. Tukae nao kila juma tuzipitie kumbukumbu hizo. Kilomita 3 za kweli humfaa mgonjwa kuliko 11 za daladala.