Kwa Mpwa Wangu Aliyekabidhiwa Vijana

Ngaremara, Isiolo

Mpwa wangu mpendwa,

Huku mvua imegusa kidogo na mbuzi wamepata majani. Mama yako alipita hapa akienda Archers Post, akanieleza kwamba umekabidhiwa vijana wa Kipaimara hapo mjini, na kwamba baadhi yao wameshaanza kukuita baba wa kiroho. La kwanza limenifurahisha. La pili ndilo lililonishikisha kalamu.

Hebu kisome tena kisa cha Eli na Samweli. Wahubiri wakimtaja Eli hawaachi kuwataja wanawe walioharibika, na kweli wale walimshinda. Lakini kwa huyu mtoto wa watu aliyeachiwa, mzee yule alifanya jambo linalowashinda walezi wengi. Mtoto anamjia usiku akidhani ameitwa naye. Eli angeweza kuitikia, naam, ni mimi. Anamrudisha akalale. Mara ya tatu ndipo anapotambua ni nani anayeita. Anamfundisha maneno machache ya kujibu, kisha anabaki pale pale alipolala. Hanyemelei mlangoni kusikiliza. Na ujumbe wenyewe ulikuwa hukumu juu ya nyumba yake Eli! Asubuhi alitaka aambiwe wote bila kufichwa kitu, na alipoambiwa hakumkasirikia mtoto. Sijui ni wangapi kati yetu tungeweza.

Kazi yako ndiyo hiyo: mfundishe kijana kuitika, kisha ukae kando. Siku utakayomwambia kwamba Mungu amekuonyesha wewe mtu anayepaswa kuoana naye, ujue umeshaondoka kitandani kwa Eli.

Kinachowaponza walezi wa huku nakijua. Jimbo letu la Isiolo ni pana mno, lilianza kama vikarieti mwaka 1995 na kufanywa jimbo kamili mwaka 2023, na yapo makanisa madogo ambako padre hufika kwa nadra. Tangu maaskofu wa kanda yetu walipokutana Nairobi mwaka 1973 wakaamua Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, walei wamebeba mzigo mkubwa, na ni vyema. Bila makatekista sijui imani ingefikaje manyatani. Ila mtu akikaa peke yake mahali kwa muda mrefu, watu humgeuza kuwa kila kitu: mwalimu, hakimu, daktari, mshenga. Wao ndio humsukuma, naye utamu unamkolea. Nilimjua mlezi ambaye kijana wake hakuuza hata mbuzi sokoni bila kumpigia simu kwanza, na mwenyewe alilisimulia hilo kwa fahari.

Kanisa halikuchanganya nafasi hizi. Sheria yake inataka msimamizi wa Kipaimara awe ametimiza miaka 16 na awe ameshapokea sakramenti hiyo mwenyewe, na haimruhusu baba wala mama kumsimamia mtoto wake. Kanuni ya 985 ya sheria hiyo inakwenda mbali zaidi: mlezi wa wanovisi au gombera wa seminari asiwaungamishe wanafunzi anaoishi nao nyumba moja, isipokuwa wenyewe waombe kwa hiari yao. Hao ni mapadre waliosoma miaka na miaka, na bado wamewekewa mpaka, maana mwenye uwezo wa kukufukuza si vizuri awe pia ndiye mwenye siri zako. Sembuse wewe, mpwa wangu, wa juzi.

Basi kijana akianza kukumwagia dhambi zake, msikilize lakini usimchimbe, kisha mwelekeze kwa padre. Siri ya kitubio ni ya padre, wewe hukupewa. Ndiyo maana usimwahidi mtu kunyamaza kabla hujajua anataka kusema nini. Akikuambia anafikiria kujiua, au mtoto amenajisiwa, au kuna mifugo ya jirani ambayo watu wanapanga kwenda kuichukua, jambo hilo haliishii kwenye sala yenu. Hospitali ya Isiolo ipo, chifu yupo, polisi wapo, na kwa mambo ya watoto namba 116 hupigwa bila malipo. Salini, ndiyo, lakini salini mkiwa njiani kwenda huko. Na fedha: usiwakopeshe, usiwakope.

Sasa nije kwa binti mmoja aliyekuuliza kama aende kusomea uuguzi au akubali posa. Usimjibu. Muulize kama ameshazungumza na mama yake, na kama bado, mazungumzo yenu yasubiri hilo kwanza. Akirudi, kaeni nje ya kanisa pale watu wanapopita, mwache aongee mpaka amalize, na akikubana umwambie wewe unaonaje, mwambie yeye ndiye atakayeolewa au atakayefanya mtihani. Akikukasirikia, vumilia.

Mama yako msalimie. Dawa ya kupe aliyoahidi kuniletea bado naisubiri.

Mjomba wako