Kanuni Inamfunga Nani?

Jumamosi, 29 Machi 2025. Al-Khoudh

Saudia wametangaza Idi kesho. Sisi wa Oman tunakamilisha thelathini, Idi Jumatatu. WhatsApp ya ukoo inawaka moto: wa Jeddah wanatupa pole kwa kufunga siku ya Idi, wa Unguja wanauliza tunamfuata nani.

Hapa hesabu za falaki huchuja ushahidi: zikisema mwezi umetua kabla ya jua, ushahidi wa macho haupokelewi, hata shahidi akiapa. Sahibu yangu, baada ya tarawehe, alilalamika kwamba sayansi imeingilia ibada. Mimi sioni hivyo. Jedwali la falaki linajulikana mapema, na mtoto wa sekondari anaweza kulikagua. Aliyefungwa na hesabu ni mwenye kutangaza. Mimi mfungaji sijapungukiwa kitu.

Ijumaa, 18 Aprili. Nizwa

Nimewaleta wanafunzi. Tumeanza na mnada wa mbuzi: wauzaji wanazunguka duarani na mbuzi wao, bei inapanda kwa kelele, hakuna afisa wa kuipanga. Mtume mwenyewe, bei zilipopanda Madina, aliombwa aziweke akakataa, akasema mpangaji wa bei ni Mwenyezi Mungu. Wanafunzi wamefurahi, wamedhani somo limekwisha.

Nikawapeleka Falaj Daris, mmoja wa ile mifereji mitano iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Huko soko limevaa sura nyingine. Maji hugawanywa kwa muda. Wazee walipima zamu kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Fungu la maji linauzwa, linakodishwa, linarithiwa. Jingine ni wakfu wa msikiti, jingine hunadiwa ili mfereji upate fedha za matengenezo. Yuko wakili anayeweka hesabu, na wenye maji wanamjua kwa jina.

Elinor Ostrom alipata Nobel mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja bila wizara wala tajiri mmoja wa kuimiliki yote. Wanaodhani sisi wapenda uhuru tunataka kila mtu afanye atakalo waje huku. Falaji imejaa kanuni, ila kanuni zenyewe zinamfunga wakili kwanza.

Jumatatu, 23 Juni. Muscat

Amri ya Sultani namba 56/2025 imetoka: kodi ya mapato ya mtu binafsi, asilimia 5 ya kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Ya kwanza katika Ghuba. Wenzangu kazini wamenisubiri nirushe mawe. Wengi wao haitawagusa.

Sikurusha. Kodi sifuri haijatupa serikali ndogo hata siku moja. Mafuta yamelipa mishahara, na asiyekutoza hajioni ana deni la kukupa hesabu. Nimeipenda ibara moja: zaka na sadaka zinapunguzwa kwenye mapato kabla ya kutozwa. Serikali imekiri kuna deni lililoitangulia.

Rial imeshikamanishwa na dola kwa kiwango kilekile tangu 1986. Hiyo ni bei iliyopangwa, nami naitetea, kwa sababu mkono uliofungwa ni wa mwenye hazina. Basi swali langu kwa kodi hii ni hilohilo: inamfunga nani? Kwangu imeandika kila kitu: kiwango, tarehe, adhabu. Kwa mkusanyaji imeandika nini? Asilimia 5 itazuiwa na nani isiwe 15? VAT nayo iliingia kwa 5, Aprili 2021, na jirani yetu Saudia alianza na 5 vilevile, akafika 15 mwaka 2020.

Jumapili, 29 Juni

Kwa shangazi, Mabela. Amenipokea na kahawa na shutuma: “Wewe si huitaki serikali? Na mia na kumi na tano yangu je?” Ndizo rial za mwezi kwa kila Muomani aliyetimiza miaka 60, tangu Januari 2024.

Kisha mazungumzo yakamrudisha Wete, kule Pemba. Karafuu ilichumwa, ikaanikwa, mnunuzi alikuwa mmoja tu, shirika la serikali, na bei yake ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Ndiyo maana magunia yalivuka usiku kwenda Shimoni, Kenya, na mkulima akaitwa mwizi wa karafuu zake mwenyewe. Ibn Khaldun aliliandika hili mwaka 1377: mtawala akifanya biashara, huwaharibia raia, na kodi yake hukauka. Shangazi hajamsoma, alianika.

Nikamwambia fedha zake sizipingi. Milton Friedman mwenyewe, mtetezi wa soko huria, mwaka 1962 alitaka maskini apewe taslimu. Kiwango kimeandikwa, umri umeandikwa, hakuna karani wa kumbembeleza. Ila kipande kwa bei za sokoni, kisipande kwa huruma ya mtu.

“Na kanuni hiyo ataiandika nani, mwanangu?”

Tumebishana mpaka Magharibi.