Usukani wa Mwenziwe

Kupima vitu viwili visivyofanana ni kazi ngumu. Nazi hupimwa kwa nazi, na nguo kwa nguo. Lakini mtu apimwe kwa nini? Akipimwa kwa mali yake, mali husifiwa na mtu husahauliwa. Akipimwa kwa chombo chake, chombo hupata taji, na mkono uliokiongoza hubaki katika shaka. Michezo, ambayo watu wazito huidharau kuwa ni upuuzi, hulikabili swali hili uso kwa uso kila siku, tena hulazimika kulijibu mbele ya watazamaji kabla ya jua kuchwa. Jibu moja lililo bora katika majibu hayo lilitolewa Uingereza mwaka 1958, katika uwanja wa Brands Hatch, jimbo la Kent, siku ya mvua kubwa.

Mwaka huo ndio wa kwanza wa mashindano ya taifa ya Uingereza ya motokaa za kawaida. Motokaa za kawaida ni zile zenye paa, milango, na viti vya mbele na nyuma; zile ambazo daktari huendea kazini na baba huchukulia watoto wake. Hazikuundwa kwa ajili ya mbio tu, kama zile za kiti kimoja ambazo mtu wa mjini hawezi kununua, na akinunua hana pa kwenda nazo. Mvuto wa mashindano hayo ulikuwa katika jambo hilo. Mtazamaji alimwona dereva akipinda kona, matairi yakilia, katika motokaa iliyo ndugu wa ile aliyoiacha yeye mwenyewe nje ya lango. Alirudi nyumbani akiitazama motokaa yake kwa heshima mpya, na pengine kwa hofu kidogo.

Lakini motokaa za kawaida hazilingani. Ipo ndogo ya kwenda sokoni, na ipo kubwa ya tajiri. Zikiachiliwa pamoja bila ya kanuni, kubwa itashinda siku zote, na mashindano yatakuwa ya mifuko. Kwa hiyo waliotunga kanuni walizigawa katika madaraja manne kwa ukubwa wa injini, na dereva alipata alama kwa nafasi yake katika daraja lake. Aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wadogo hakupungukiwa na kitu mbele ya aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wakubwa. Kanuni hiyo ilikuwa ya haki kwa motokaa. Lakini ndani yake ilificha tatizo ambalo halikuonekana mpaka mwisho wa msimu.

Msimu ulipokwisha, madereva wawili walikuwa na alama sawasawa. Mmoja alikuwa Jack Sears, mkulima wa Norfolk, aliyeendesha Austin Westminster yenye injini ya lita 2.6. Wa pili alikuwa Tommy Sopwith, aliyeendesha Jaguar ya lita 3.4. Huyu alikuwa mwana wa Sir Thomas Sopwith, mwunda ndege mashuhuri ambaye eropleni zake zilipigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Asidhani msomaji kwamba hii ni hadithi ya maskini na tajiri. Baba wa Sears naye alikuwa mtu wa uwezo, mkusanyaji wa motokaa za kale. Tofauti ya wawili hawa haikuwa katika ukwasi. Ilikuwa katika daraja. Msimu mzima kila mmoja alikuwa akiwashinda watu wa daraja lake, na kwa hesabu ya alama hawakuwa wakishindana wao kwa wao. Sasa waliletwa mbele ya mlango mmoja usiopitisha watu wawili.

Nani awe bingwa? Kusema kwamba Jaguar ilikwenda mbio zaidi hakukufaa kitu, maana hilo lilijulikana tangu ilipotoka kiwandani. Kusema kwamba Austin ilifanya makubwa kwa udogo wake hakukufaa pia, kwa kuwa nani angepima ukubwa wa makubwa hayo? Ndipo lilipotolewa shauri la kurusha sarafu. Shauri hilo lisichekwe upesi. Sarafu haina upendeleo. Haimjui mtoto wa mwunda ndege wala haimjui mkulima. Lakini haki ya sarafu ni haki ya kipofu asiyeulizwa alichokiona. Humpa mmoja na kumnyima mwingine, bila ya kusema neno lolote juu ya yeyote kati yao. Madereva wote wawili hawakulipenda, na katika kutolipenda kwao walionyesha heshima yao. Kila mmoja aliona ni afadhali kushindwa na mtu kuliko kushinda kwa kipande cha fedha.

Likatokea shauri la tatu. Kampuni ya British Motor Corporation ilitoa motokaa mbili za namna moja, Riley One-Point-Five, zenye injini ya lita moja na nusu. Madereva wangeshindana wawili peke yao mizunguko mitano. Kisha wangeshuka, kila mmoja aingie katika motokaa ya mwenziwe, na wakimbie mizunguko mitano mingine. Nyakati za mbio mbili zingejumlishwa, na mwenye jumla ndogo angekuwa bingwa wa kwanza wa mashindano hayo.

Uwanja wa Brands Hatch wakati huo ulikuwa mfupi, mzunguko wake maili 1.24, umelala katika bonde kama bakuli, hata mtazamaji aliyesimama mahali pamoja aliweza kuona sehemu kubwa ya njia. Mvua ilikuwa ikinyesha. Lami iliyolowa humnyang'anya dereva nusu ya silaha zake: akikanyaga breki kwa nguvu magurudumu huteleza, na akitia moto kabla ya wakati motokaa hugeuza mkia. Katika hali hiyo nguvu ya injini si kitu kikubwa, na wepesi wa mkono huwa kila kitu. Haraka haraka haina baraka, hata kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya haraka.

Mbio za kwanza zilikwisha Sopwith akiwa mbele kwa sekunde 2.2. Kama shauri lingeishia hapo, taji lingekuwa lake, na watu wangerudi makwao wakisema kwamba haki imetendeka. Kwani motokaa hazikuwa sawa? Zilitoka kiwanda kimoja, zilikuwa na jina moja na injini ya kipimo kimoja. Macho ya mtu hayangeona tofauti. Lakini kanuni ya kubadilishana ilikuwa imekwisha kuwekwa. Wakashuka, wakapishana, kila mmoja akaketi katika kiti chenye joto la mwenziwe. Mbio za pili zilipokwisha, Sears alikuwa mbele kwa sekunde 3.8. Toa moja katika nyingine, itabaki sekunde moja na sehemu sita za kumi. Kwa hizo Jack Sears akawa bingwa.

Hapa pana jambo la kutafakari. Mshindi wa mbio za kwanza alikuwa mtu mmoja, na mshindi wa mbio za pili mtu mwingine. Lakini motokaa iliyotangulia ilikuwa ni ileile mara zote mbili. Yaani zile mbili zilizosemwa kuwa sawa, huenda hazikuwa sawa. Lilikuwamo jambo dogo katika mojawapo, katika injini, au breki, au tairi, ambalo jicho halikuliona. Mchagua jembe si mkulima, wasema wahenga, na neno lao ni kweli kwa mvivu atafutaye udhuru. Lakini wakulima wawili hodari wanapolima ngwe mbili kwa majembe mawili, jembe nalo lina usemi, na mwenye kuamua hana budi kulisikiliza. Dawa haikuwa kutafuta majembe yaliyo sawa kabisa, kwani hayapo duniani. Dawa ilikuwa kuyabadilisha mikononi. Aliyefanana na mwenziwe kwa jina tu, sasa alifanana naye kwa mashaka aliyoyapata, maana kila mmoja alionja chombo chema na kila mmoja alionja kilichopungua.

Hata hivyo mizani ile haikuwa kamili, kwa kuwa mvua hainyeshi sawa kwa dakika zote, wala lami haikauki wala kulowa kwa amri ya mtu. Motokaa iendayo maili 50 kwa saa, katika sekunde 1.6 hupita yadi 40 hivi tu. Juu ya kitu chembamba kiasi hicho uliwekwa ubingwa wa taifa. Sopwith angeweza kulalamika, na wangepatikana wa kumsikiliza. Tena hasara yake ilikuwa kubwa kuliko ya mtu mwenye mwaka mwingine mbele yake, maana baada ya msimu huo aliacha kushindana kwa motokaa. Sears alirudi na kutwaa taji mara ya pili mwaka 1963. Sopwith hakulitwaa kamwe.

Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. Sopwith alibaki na kundi lake la mbio, Equipe Endeavour, na mwaka 1960 miongoni mwa madereva waliokabidhiwa motokaa za kundi hilo alikuwa Jack Sears. Yeye mwenyewe aliigeukia bahari, akashinda mbio za mashua za mtambo kutoka Cowes hadi Torquay mwaka 1961. Sears alifariki mwaka 2016, na Sopwith mwaka 2019. Mashindano yao yamebadili jina na kanuni mara nyingi, na yangali yakiendelea. Mtu aliyewahi kuketi katika kiti cha mwenziwe, akaijua kasoro ya chombo chake, hapati shida kumkabidhi usukani.