DADA WA MANUNDU NA KAUNTABUKU YA MAJIBU YA DAMU

Kuna dada mmoja Korogwe, maeneo ya Manundu, anauza mitumba ya grade A. Ukimfuata Insta utadhani maisha kayapatia: kucha, wigi, video za kucheza. Ambacho haposti ni kauntabuku moja chakavu inayokaa chini ya droo ya pesa.

Siku moja mchumba wake alishika simu yake kutafuta picha ya kiwanja, akakutana na picha kama arobaini za majibu ya maabara. FBP juu ya FBP. Jamaa akanuna siku mbili, ya tatu akauliza, "Unaumwa nini ambacho hutaki nikijue?" Na mtaani maneno yalishaanza: mbona kila Alhamisi yupo maabara? Si bure, huyo ana ngoma.

Damu si yake. Ni ya mdogo wake wa kiume, anaishi Handeni na mama yao, pale Chanika. Alianza kuumwa akiwa kidato cha tano. Anasikia sauti, anafunga madirisha mchana kweupe, hali chakula kisa eti kina sumu. Mama kazunguka kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha, wakati wilaya jirani tu ya Korogwe ipo Lutindi, huko milimani, inapokea wagonjwa wa akili tangu 1904! Walipofika hospitali dawa mbili za mwanzo zikagoma. Ya tatu, klozapini, ikashika. Dogo akaanza kulala, kuoga, hadi kutania watu.

Ila klozapini ina masharti yake. Inaweza kushusha chembe nyeupe za damu mpaka mwili ukakosa ulinzi kabisa. Finland mwaka 1975 watu wanane walifariki hivyo. Ndiyo maana damu inapimwa kila wiki miezi ya mwanzo, baadaye inapungua taratibu. Marekani walikuwa na mfumo mzima, majibu yasipoonekana duka halitoi kidonge. Mfumo wameuondoa 2025, lakini kupima bado kunashauriwa.

Sasa huku kwetu nani anashika hayo makaratasi? Daktari yupo Dar, anajua maabara inatunza. Maabara inampa mgonjwa karatasi yake, imemaliza. Duka la dawa linaangalia cheti na hela. Mama hasomi yale majibu ya Kiingereza. Ikabaki kwa dada mtu. Kila Alhamisi dogo anapanda Coaster kutoka Handeni, wanaenda wote, dada anapiga picha, anatuma WhatsApp kwa daktari, halafu anaandika kwenye kauntabuku: tarehe, chembe nyeupe, nyutrofili, nani kaona. Hiyo safu ya mwisho mara nyingi ni tupu. Tiki za bluu si sahihi ya daktari.

Kuna Alhamisi nyutrofili zilisoma 1.2. Wiki ya nyuma 2.8, ya kabla yake 3.4. Maabara hakuna aliyeshtuka, karatasi ikakunjwa kama nyingine. Yeye ndiye aliyeona, kwa sababu ndiye mwenye zote tatu. Simu ya sita daktari akapokea: dawa ya usiku isimame, kesho damu irudiwe. Na hapo kuna mtego. Dozi zikikatika zaidi ya siku mbili, hurudii pale ulipoishia, unaanza upya na kipande kidogo kabisa, na ugonjwa wenyewe haungoji upande dozi.

Ijumaa umeme ukakatika toka asubuhi. Dogo kakaa benchi, kofia machoni, anatetemesha mguu. Majibu yakatoka saa moja usiku: 2.1. Daktari akaruhusu dawa, ila apimwe mara mbili kwa wiki kwanza.

Hayo yote mchumba hakuambiwa kwa sababu dogo alimuomba dada yake asimtangaze. Basi dada akatembea na maneno ya ngoma, kimya, anauza nguo. Wangapi wangeweza?

Mwisho dogo mwenyewe ndiye aliyesema, "Shemeji, hiyo damu yangu." Jamaa hakuomba msamaha (wanaume bwana!), lakini Alhamisi iliyofuata alikuwepo maabara, kaja na pikipiki. Mtaani sasa wanasema ngoma wanayo wote wawili.

Majibu yalisoma 2.6. Dogo akachukua kalamu, akaandika mwenyewe, na kwenye safu ya nani kaona akaweka jina lake.