Akiba ya Pumzi

Akiba ya mali huwekwa sandukuni na akiba ya nafaka huwekwa ghalani, lakini pumzi haina ghala. Mtu aliye juu ya nchi kavu huivuta na kuitoa bila hesabu, wala hapana anayeulizwa jioni ametumia pumzi ngapi tangu asubuhi. Chini ya bahari hesabu huanza. Samaki yuko kwao. Mwanadamu huingia humo kama mgeni aliyebeba chakula chake mwenyewe, na muda wa ugeni wake ni kadiri ya mzigo wake.

Wazamiaji wa lulu wa Ghuba, katika maji ya Kuwait na Bahrain, hawakubeba hata mzigo huo. Mzamiaji, aliyeitwa ghais, alishuka na pumzi moja tu kifuani, amefungiwa jiwe la kumzamisha. Juu chomboni alibaki saib, mvutaji wa kamba. Kamba ilipotikiswa, saib alivuta kwa nguvu zake zote. Akiba ya ghais, basi, ilikuwa mikono ya mtu mwingine, na saib aliyesinzia aliweza kuua bila kunyanyua silaha. Biashara ile ilinyong'onyea katika miaka ya 1930, lulu za kupandwa za Wajapani zilipojaa sokoni.

Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza chombo cha kumpa mzamiaji hewa ya mtungi kila avutapo pumzi, kwa kadiri ya kina alichomo. Kamba ikawa haina kazi tena, na saib akaachwa pwani. Hasara ya kumwacha saib haikuonekana mara moja. Wazamiaji wengi wa zamani hizo hawakuwa hata na kipimo cha kuwaonyesha hewa iliyobaki. Walitegemea vali ya akiba: hewa ilipopungua, pumzi ilikuwa nzito, na mzamiaji alipeleka mkono mgongoni akavuta wenzo uliofungulia hewa kidogo iliyozuiliwa. Lilikuwa shauri la werevu, walakini lilikuwa na ila mbili. Wenzo uliweza kugongwa na mwamba au kunaswa na kamba ukafunguka wenyewe. Mzamiaji akaitafuta akiba yake saa ya shida akakuta amekwisha kuivuta bila kujua. Ila ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Akiba hiyo ilikaa katika mtungi ule ule na kupita katika mrija ule ule, hivyo chombo kilipoharibika viliharibika vyote pamoja.

Mafunzo yaliyofuata yalimrudisha saib kwa sura nyingine: kila mzamiaji awe na mwenziwe, na kila mmoja achukue kinywa cha pili cha kupumulia kwa ajili ya mwingine. Kanuni hiyo ni njema na imeokoa watu. Lakini mwenzi ana macho yake na mambo yake. Huenda yuko mita 15 mbali anapiga picha ya kasa, naye aliyeishiwa hewa hana sauti ya kumwita. Mita 15 ni kitu kidogo kwa mwogeleaji mwenye pumzi. Kwa asiye nayo ni safari. Kwa sababu hii wako wanaozamia kwa kujitegemea, wakichukua mtungi wa pili mdogo wenye vali yake, kipimo chake na kinywa chake, usioshirikiana na mtungi mkubwa kwa lolote.

Udogo wa mtungi huo ndio penye mtego. Katika kina cha mita 30 mkandamizo ni mara 4 ya ule wa juu, na kila pumzi hula hewa mara 4. Mtu aliyeshtuka aweza kutumia lita 30 kwa dakika akiwa juu. Kule chini ni lita 120. Ampe mshtuko wake dakika moja ya kutulia, apande mita 9 kwa dakika, asimame dakika 3 penye mita 5 ili naitrojeni impungue mwilini, kisha amalize njia: jumla hukaribia lita 500. Kichupa cha lita 85, ambacho hupendwa kwa kuwa hakilemei, hakimfikishi hata dakika moja katika kina hicho. Mtungi wa ujazo wa lita 3, ukijazwa hewa iliyosongwa mara 200, una lita zipatazo 600, nao unatosha. Anayebeba kichupa kwa safari ya mita 30 amebeba faraja, wala si hewa.

Hata mtungi unaotosha huweza kumsaliti mwenyewe. Vali ikiwa imefungwa, hewa iliyobaki mrijani hutoa pumzi moja au mbili, ikamdanganya mjaribuji aliye chomboni kuwa yote ni salama. Tena yuko anayetia mdomoni kinywa kisicho chake, akaanza safari kwa kula akiba. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko hizi imo katika fikira, si katika chuma. Mwenye lita 600 za ziada hushawishika kukaa kidogo zaidi, kushuka kidogo zaidi, na siku anapoiingiza akiba katika hesabu ya safari amejirudisha alipokuwa kabla ya kuinunua.

Shahada ya PADI ya kuzamia kwa kujitegemea hudai umri wa miaka 18 na mbizi 100 zilizoandikwa, na sharti hilo halina ukali usio na sababu. Si kweli kuwa abebaye mtungi wa pili humdharau mwenziwe. Mwenzi huyo amepunguziwa mzigo: hatasongwa kinywa chake na mtu mwenye hofu.

Mtungi wa akiba, safari ikienda vyema, hurudi chomboni umejaa kama ulivyoshuka. Mwenyewe huusuuza kwa maji baridi, huutazama kipimo, huupeleka kukaguliwa, na nchini Marekani hulipa kila miaka 5 ili chuma chake kijaribiwe, ingawa pengine miaka yote hiyo hakuvuta humo ila pumzi za kujaribia.