Beni: Ngoma Iliyosafiri kwa Miguu

Kabla reli ya TAZARA haijajengwa, na kabla malori hayajaanza kujipanga Tunduma yakingoja kuvukia Nakonde, njia hizi zilikwisha kupitiwa na ngoma. Ngoma hiyo ni Beni.

Ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana waliotazama gwaride za Wazungu walitwaa tarumbeta, sare na vyeo, wakavifanya mchezo wao. Viongozi wakaitwa Mfalme, Kaizari, hata Daktari. Vyama viwili, Marini na Arinoti, vilienea katika miji ya Tanganyika vikishindana kwa mavazi, kwa nyimbo za kejeli na kwa karamu. Chama kilialika chama, uwanjani, mbele ya mji mzima. Na aliyekirimiwa alijiona ana deni la kukirimu zaidi. Mwanachama aliyefika ugenini alipokewa na wenziwe, na akifa walimzika. Sisi twaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko tarumbeta.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyoisukuma Beni bara, kwani askari na wapagazi waliicheza makambini. Vita hivyo vilimalizikia jirani yetu. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck liliingia Rhodesia ya Kaskazini kwa upande wa Fife, si mbali na Tunduma, likasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 mwezi huo. Walionusurika walirudi makwao na ngoma. Kandokando ya Ziwa Nyasa ikawa mganda. Kwa ndugu zetu wa Malawi, malipenga. Tarumbeta ya shaba ilikuwa ghali, basi nafasi yake ikashikwa na kibuyu kilichozibwa kwa utando wa buibui. Huko kwenye migodi ya shaba iliitwa Mbeni, na wachimbaji walipogoma mwaka 1935 wakubwa walikishuku chama hicho. Pengine hawakukosea sana: waliozoea kupanga safari ya ngoma washindweje kupanga mgomo?

Miaka michache iliyopita, tukiandaa mashindano ya ngoma katika Mkoa huu wa Songwe, mwenzetu ofisini alilikataa kundi la mganda. "Hiyo si ya asili," alisema. "Wanamwiga askari wa Mzungu." Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Tangu Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mwaka 1962, twahangaika kupambanua kilicho chetu na cha kuazima. Lakini tulimjibu kwamba babu zetu vitani walipewa mizigo na njaa. Gwaride walilitwaa wenyewe, wakalicheka, wakalichezea wanavyotaka.

Katika fomu palikuwa na nafasi ya kujaza asili ya ngoma. Tukaandika: "Lamu na Mombasa, kwa njia ya vita." Mwenzetu akatia sahihi, uso ukiwa umekunjamana. Kundi lilipangwa kuwa la mwisho, jua likizama, nao wakaingia uwanjani wamevaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, vibuyu vyao midomoni.