Saa kumi na tano angani

Mwanaisha mwanangu,

Mamako ananiambia umemhakikishia bibi kwamba Nairobi hadi New York ni saa saba tu. Nimeiona tiketi: unaondoka 23:25, unatua 6:25 asubuhi ya pili, nawe ukatoa moja kwa nyingine. Hesabu hiyo haitoki, mama. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York, na Januari wenzetu wako nyuma yetu kwa saa nane. Jumlisha: ni saa kumi na tano. Beba soksi nzito.

Njia yenyewe ni karibu kilomita 11,800. Boeing 787 hukata kama 900 kwa saa, kwa hiyo utauliza mbona zisiwe kumi na tatu. Kuna muda wa kujikokota uwanjani, lakini mkorofi mkubwa ni upepo. Huko juu, hasa Atlantiki ya kaskazini majira ya baridi, mkondo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mkienda unawapiga usoni, mkirudi unawasukuma, na safari ya kurudi hupungua kwa karibu saa nzima.

Ramani ya ukutani itakudanganya. Chukua lile tufe la dunia la babu, ukaze uzi kutoka Nairobi hadi New York. Hautakwenda kukata Kongo. Utapanda kaskazini-magharibi, Sudan Kusini, Chad, Sahara, mpaka Moroko. Nusu ya njia iko karibu na Marrakesh! Nusu nzima ya safari ya Marekani na bado uko Afrika. Rubani aweza kupinda kukwepa anga zenye vita au kutafuta upepo mpole, ila uzi ndio huo.

Kuhusu kuondoka usiku, usilalamike. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hivyo hunyanyuka vizuri kukiwa na baridi.

Kaka yako anakushawishi upitie Doha, eti ni rahisi. Huko unaanza kwa kuipa Marekani mgongo, na jumla inapita kilomita 14,000, mbali na kungoja uwanjani. Hii ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, naona inafaa bei yake kwa msichana anayesafiri peke yake mara ya kwanza.

Ukitua nipigie papo hapo; huku itakuwa saa nane na nusu mchana. Ila hamu ya mazungumzo ikikushika saa tatu usiku, jua kwamba sisi tuko saa kumi na moja alfajiri. Mpigie babako, yeye atakuwa anatoka kwenda msikitini.

Mjomba wako